Mapapai ya Lopur Hayana Mwenyewe

Benchi ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya madebe ya mafuta ya msaada, mbele ya kibanda cha Clotilde, mama Mkongo wa Uvira anayeuza kahawa ya tangawizi pale Kakuma Wani, kambi ya wakimbizi. Wenye benchi ni watatu. Kuna Didace, Mrundi, anayeitwa Bwana Shamba kwa kuwa hana mazungumzo mengine. Kuna Losike, Mturkana wa kijiji cha Lopur, anayeitwa Mwenye Mto, na kweli anao: ukoo wake una ekwar, kile kipande cha ukingo wa mto Tarach ambacho kila mti unaoota hapo ni wa ukoo tangu babu wa babu, na mbuzi wa mtu mwingine haokoti ganda la mgunga bila ruhusa. Na kuna Kuot wa Bor, Sudan Kusini, aliyewahi kutafsiri mara moja mahakamani Lodwar, akarudi akiwa Wakili mpaka leo.

Didace alikuwa amepanda mipapai na milimao kwenye ekwar ya Losike, kwa maneno tu ya mdomo. Alichimba kisima mchangani, akachota kwa ndoo, akazungushia ua wa miiba, na mipapai ikamtii. Ilipoanza kuzaa ukazuka ugomvi. Losike alisema mti ni wa mwenye ukingo. Didace alisema mti ni wa aliyeunywesha. Kijiwe kilitafuna ugomvi huo pamoja na mandazi, bila mshindi, hadi jana Ekeno, mchunga mbuzi, binamu yake Losike, alipoleta habari: katikati ya mipapai umesimama mmea wa bangi, umenenepa, umempita yeye kwa urefu. Leo Didace alifika benchini kabla ya kahawa kuchemka. Alikuwa na hofu, na alitaka mtu yeyote amwambie kwamba si kosa lake.

— Ejok, Losike, alianza Didace, akimsalimu kwa Kiturkana. Nimefikiria maneno yako ya ekwar. Weye uko na haki. Kila kitu pale ni yako.

Losike alipuliza kikombe chake taratibu.

— Hapana, ndugu yangu. Hata mimi nimefikiria. Mti ni ya yule alimwaga maji. Ulisema mwenyewe. Mimi ni nani nikatae?

— Ulisema babu wa babu.

— Babu alikuwa mtu ya mgunga. Papai hakuijua.

Kuot alijiweka sawa, magoti yakamfika kifuani, maana benchi ni fupi na yeye ni mrefu kama watu wa Bor.

— Tulieni. Mimi nimekaa kortini. Jaji anauliza kitu moja tu: imetoka wapi?

— Ndege, alisema Losike. Anakula mbegu huko mbali, anakuja kunya hapa.

— Kwa ekwar yako, alisema Didace. Basi ni ndege yako.

— Ndege hana ukoo.

— Si ndege, alisema Kuot. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Ile inaingilia wapi, Wakili? aliuliza Clotilde akimimina.

— Inaingia, Mama, ngoja. Ni samadi. Mbuzi wa nani wanalala karibu na ule ua?

— Mbuzi wangu hawajawahi kuonja bangi hata siku moja, alisema Losike. Ni mbuzi wa kanisa.

— Labda kuna mtu alipita akaficha mbegu, alisema Didace. Adui.

— Adui wako ni nani, Bwana Shamba? Nani anakuonea wivu ya papai? aliuliza Losike.

Didace alifikiri, akakosa hata mmoja, na jambo hilo likamsikitisha kidogo.

— Sikieni sasa, alisema Kuot, na sauti yake ikashuka kama ya mtu anayetoa siri ya serikali. Jani ya papai iko na vidole. Jani ya bangi iko na vidole. Hizo ni ndugu, baba moja. Wewe Didace, si uko na mpapai dume, ile haizai?

— Uko mmoja.

— Uliunyima maji?

Didace alikumbuka. Ni kweli aliunyima. Tena siku moja aliutukana, akauambia ukae tu hapo unywe jua.

— Basi ndiyo huo, alisema Kuot. Umekasirika, umegeuka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini huo haukuinama, umesimama wima. Hiyo ni ushahidi.

— Wakili, wewe ndiye umeionja, alisema Clotilde.

Watu wakacheka, Didace hakucheka. Tangu aondoke kwao Rumonge alikuwa akila cha kupimiwa, na mapapai yale yalikuwa kitu cha kwanza alichokiotesha kwa mkono wake kwenye nchi hii. Papai la kwanza alimwahidi mkewe Sylviane. Akisema ni yake, askari watamkamata na bangi, na mkimbizi aliyekamatwa na bangi hana wa kumtetea. Akisema si yake, atakula nini cha jasho lake? Aliumia, na kahawa haikusaidia.

Hapo ndipo alipofika Ayak, mwanamke anayeuza matunda kule barabara kubwa, akiwa na mabeseni kichwani.

— Salama? Nimepita Lopur na bodaboda. Kuna papai ndani ya ua wa miiba, zimeiva, ndege wanatoboa. Nataka kununua zote. Ni za nani?

Kuot alikohoa.

— Swali hiyo ni ya kisheria.

— Uliza Bwana Shamba, alisema Losike.

— Uliza Mwenye Mto, alisema Didace.

— Hazina mwenyewe? aliuliza Ayak.

Didace ndiye aliyejibu kwanza.

— Si zangu.

— Hata mimi, si zangu, alisema Losike.

— Nilijua tu shamba imeachwa, alisema Ayak. Ua umefunguka upande moja, mbuzi wameingia. Wamekula ule mmea mrefu wa katikati mpaka mizizi. Papai hawajafikia. Sasa wamelala tu hapo, wanaangalia jua.

Losike na Didace wakasimama kwa pamoja, na benchi likainama upande wa Kuot.

— Papai ni zangu, alisema Losike. Ekwar ni ya babu wa babu.

— Zangu, alisema Didace. Ndoo nilibeba mimi.

Ayak alishusha mabeseni.

— Vizuri. Mwenye papai ndiye mwenye shamba. Na ule mmea, nani aliupanda?

Wakaketi. Kuot alitafuta methali, hakuipata hata ya kukosea. Clotilde aliinamisha birika, halikutoa tone.

— Kahawa imeisha, alisema.

Ayak aliwasubiri kwa adabu, akajitwisha mabeseni, akapungia bodaboda arudi Lopur kuzichuma. Alikuwa ameshakaa juu ya pikipiki Didace alipomwita.

— Ayak. Usizivute. Kata, uache kikonyo, la sivyo zitaoza haraka.

Ayak akageuka.

— Unazijua sana. Kwani ni zako?

Didace alitazama madebe ya benchi.

— Nilisikia tu watu wakisema.