Pumba za Mchele Juu ya Mlima Nokogiri: Kumuaga Fundi Hanyuda

Karakana ya Kuwabara imesimama juu ya watu wawili. Wa kwanza ni mimi, Gonpei Nezu, wa matairi na kuosha magari, na hili silisemi kwa kujisifu, bonde zima linajua. Gari nililoliosha mimi ndege hulikwepa kwa mbali wakidhani ni jua la pili. Wa pili ni Fundi Tokuji Hanyuda, na huyo ndiye anayetuacha. Tarehe 31 Machi anastaafu baada ya miaka arobaini na miwili ya kazi. Bosi Kuwabara alipotafuta mtu wa kuandika maneno haya kwenye programu ya sherehe, hakuzunguka, alikuja moja kwa moja kwangu. Kweli karani wetu alikuwa na mafua siku hiyo, lakini hata angekuwa mzima kazi hii ingenifikia.

Fundi Hanyuda aliingia hapa wakati wa marehemu mzee Kuwabara, baba yake bosi. Siku hizo magari ya turbo, yenye kipulizi cha kuisukumia injini hewa zaidi, ndiyo kwanza yanaanza kupanda huku kwetu milimani, na mafundi wengi waliyaangalia kama mtu anavyomwangalia mkwe mpya. Hanyuda akasema haya ndiyo yake. Gari la kwanza alilopewa lilikuwa la daktari wa mji, linakata nguvu likipenda na kurudisha likipenda. Kijana akalitazama mara moja, akatangaza kwamba turbo imekufa, akaing'oa, akafunga mpya. Wiki haikuisha, daktari karudi na ugonjwa ule ule. Mzee Kuwabara akamchukua Hanyuda mpaka uani kwa daktari, wakainama wote wawili kuomba radhi. Waliinama muda mrefu mpaka daktari mwenyewe akaona haya, akaenda kuchemsha chai.

Tangu hapo Fundi ana sheria moja: kifaa hakitoki kwenye gari mpaka yeye mwenyewe akione kikikosea. Sheria hiyo imetuudhi sana. Wateja wamesubiri, bosi amekuna kichwa, na mimi nimekaa na ndoo yangu ya maji ya sabuni yakipoa. Lakini gari lililotoka mkononi mwake halikurudi na ugonjwa ule ule tena.

Ana vituko vyake pia, tusimfanye malaika kwa sababu anaondoka. Redio haifunguliwi karakana nzima akiwa anasikiliza injini, hata kama timu yetu ya besiboli iko fainali. Anakula tambi za baridi theluji ikiwa magotini. Kwenye shogi, ule mchezo wetu wa ubao, nimemshinda mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Na kuna jambo ambalo wageni huwa hawaliamini: mtu huyu akishika usukani anaupanda mlima Nokogiri kama anateleza, lakini mkalishe kiti cha abiria, kona ya pili tu ameshakuwa rangi ya kabichi. Kichefuchefu kinamshika kama mtoto. Likumbukeni hilo, kwa sababu ndilo linaloipa uzito habari ninayotaka kuwapa. Wengi wenu mmeisikia, lakini mmeisikia kutoka kwa watu ambao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, na geji ya kupimia presha niliishika mimi.

Mnamjua Mama Sumie Orihara, wa mboga za chumvi. Mboga zake huliwa kila asubuhi kwenye nyumba za wageni za chemchemi za maji ya moto, ng'ambo ya Nokogiri, na anazipeleka mwenyewe kwa kigari chake cha mizigo, kile chenye injini ndogo ya turbo iliyokaa chini ya viti. Majira ya kuchipua mwaka juzi kigari kilianza ukorofi. Katikati ya mlima kinalegea ghafla kama kimekanyaga gundi, malori yanamjia nyuma yakipiga honi, Mama Orihara anajibanza pembeni. Akipumzika kidogo nguvu zinarudi, kigari kinapanda kama hakijui lolote.

Alituletea. Tukachomeka mashine ya kupimia, ikasema hakuna kosa. Tukaangalia plagi, tukaangalia filta, Fundi akakipandisha Nokogiri mpaka juu, kikaenda kama mshale. Tukakirudisha, nikakiosha. Baada ya siku chache akaja tena, anainama kutuomba radhi kwa usumbufu. Tukasafisha sensa ya hewa, tukakipandisha tena, mshale tena. Nikakiosha tena, na safari hiyo hata matundu ya rimu niliyapitisha mswaki.

Hapo ndipo mwanawe alipopiga simu kutoka Nagoya. Anaitwa Katsuro, kijana mzuri, ila mji umemfundisha kuongea haraka. Mama Orihara alikuja na simu yake karakana, akaiweka kwa sauti ili bosi amweleze. Bosi alisema tu kwamba kigari hakina kasoro.

"Umesikia, mama?" Katsuro akasema. "Mafundi wamepima mara mbili. Kilichochoka ni mguu wako. Unaachia pedali bila kujijua. Jumapili nakuja, twende polisi ukarudishe leseni kabla lori halijakupitia."

Wazee wengi wa kwetu hurudisha leseni, na ni jambo la heshima mtu akiamua mwenyewe. Lakini Mama Orihara bila leseni ni mapipa yanayochachia bandani na nyumba za wageni zinazotafuta mboga kwingine. Alikata simu, akatuinamia, akaomba tukipime mara moja tu ya mwisho Jumamosi, akatoka polepole. Hatukuweza kutazamana. Nami nilikuwa nimeanza kudhani ni mguu.

Fundi Hanyuda peke yake alibaki ananung'unika. "Mwanamke anayenyanyua mawe ya kukandamizia mboga atashindwaje na pedali?"

Jumamosi asubuhi akanivuta ndani ya gari la karakana, akasema tunakwenda kwa Mama Orihara kabla hajatuletea kile kigari kwa mara ya mwisho. Tukamkuta uani, kitambaa kichwani, kigari milango wazi. Mapipa yote yamepangwa chini. Mazulia yameanikwa. Anafuta sakafu kwa maji ya moto.

"Mama, unafanya nini?" Fundi akauliza.

"Nakisafisha. Nitawaleteaje mafundi gari linalonuka?"

"Na zile mara mbili za kwanza?"

"Vilevile! Kwani mimi sina haya?"

Fundi Hanyuda akacheka mpaka akashika mti. Nani kati yetu hasafishi gari lake kabla ya kulipeleka karakana? Mke wangu huosha hata mwavuli kabla ya kuupeleka kutengenezwa. Mara zote mbili tulikuwa tumepima kigari kitupu, chepesi kama sanduku la viberiti, na kigari kitupu kilikuwa hakina ugonjwa.

"Rudisha kila kitu," akasema. "Mapipa, mawe, mazulia, na uchafu wenyewe kama umebaki."

Tukapakia. Viti ni viwili tu. Mama Orihara kwenye usukani, kwa sababu Fundi alitaka mguu ule ule ulioshtakiwa. Mimi pembeni yake na geji ya presha mkononi, mpira wake mwembamba umepita chini ya kiti mpaka kwenye injini. Na Fundi Hanyuda, mtu wa kichefuchefu, akajikunja nyuma katikati ya mapipa, pua yake na mboga zilizochacha zimetengana kwa mfuniko tu.

Kona ya kwanza salama. Kona ya pili nikasikia mtu anameza mate nyuma.

"Mzee, u hai?" nikamuuliza.

"Angalia geji, acha kuniangalia mimi!"

Kona ya tatu mlima unasimama wima. "Kanyaga, mama," akasema, "na usiondoe mguu, lolote litakalotokea." Mshale wa geji ukapanda, ukapanda, kisha ukaanguka kama umekatwa kwa panga. Kigari kikalegea. Nyuma yetu lori likapiga honi.

"Geji imeanguka!" nikapiga kelele. Sauti yangu ilisikika mpaka kilele cha pili.

"Nimekanyaga mpaka chini!" Mama Orihara naye akapiga kelele. "Nimekanyaga, jamani!"

Fundi akapenyeza kichwa kati ya viti, uso kijani kibichi, akatazama chini kwenye pedali. "Nauona. Mguu uko sakafuni, mama. Uko sakafuni kabisa."

Mama Orihara akaanza kulia palepale akiendesha, na hakuondoa mguu.

Tukaegesha pale malori yanapofungwa minyororo ya theluji kwenye matairi. Fundi alishuka, akaenda kichakani, akarudi amepungua kilo lakini macho yanang'aa. Tukainua viti. Mipira ya hewa yote, ile inayopeleka hewa ya turbo kwenye injini, ilionekana mizima. Turbo haisukumi kwa nguvu zote mpaka injini ibebe mzigo mlimani. Ukisimama, presha inashuka, na ufa ukiwepo unafumba mdomo. Unaweza kuutazama kutwa usiuone.

Fundi akazungusha macho akitafuta kitu. Akaona ndoo ya pumba za mchele, zile ambazo Mama Orihara huzichanganya na chumvi kulazia mboga. Zilikuwa mbichi, zinanata.

"Mama, nipe pumba zako."

"Unataka kula saa hizi?"

Akazipaka kwenye mipira yote, unene wa kidole, kama anamkanda mtoto kwa mafuta. Tukarudi chini, tukageuza, tukapanda tena. Kona ya tatu, mshale ukaanguka tena. Tukasimama, tukainua viti. Pumba zilikuwa zimeshika kila mahali isipokuwa sehemu moja, upande wa chini wa mpira, penye mpindo: mstari mwembamba umepulizwa safi. Fundi akaukunja mpira kwa vidole, na ufa ukafunguka mbele yetu kama mdomo wa samaki.

Mpira mpya ulifungwa siku ile ile, na kigari kikapanda Nokogiri na mapipa yote bila kulegea. Jumapili Katsuro alikuta Fundi Hanyuda ameketi barazani kwa mama yake, anakunywa chai. Fundi alimwekea ule mpira wa zamani mkononi, akaukunja ufa ukafunguka, akamwambia, "Mguu wa mama yako uliochoka ni huu hapa." Kijana akaukunja mwenyewe, ufa ukafunguka tena. Kisha akavua koti, akamsaidia mama yake kupakia mapipa. Huko polisi hawakwenda tena. Mboga mtakazokula leo kwenye sherehe zimekuja kwa kigari kile kile, na aliyekiendesha ni Mama Orihara mwenyewe.

Tangu wakati huo mlangoni petu kuna kibao: LETE GARI LILIVYO. Mimi nilikipinga, kwa sababu gari chafu linapoingia ninaona kama ninatukanwa. Bosi akasema kuosha kutakuja baadaye. Nimekubali, lakini kwa masharti.

Fundi Hanyuda, asante kwa kila mlima uliotupandisha. Asante kwa kututesa na ile sheria yako. Nenda ukae na mkeo, Mama Fumiyo, umpishe jikoni asipokutaka, ukaoge maji ya moto mchana sisi tukiwa kazini, na ukipanda gari la mtu, omba usukani. Siku zako zote zilizobaki zipande bila kulegea.

Bosi alisema nimalizie hapo. Lakini kuna kitu kidogo. Gari langu mwenyewe, nalo lina turbo, linakata nguvu kona ya tatu tangu theluji ilipoanza kuyeyuka. Nimewaambia watu ni upepo. Mke wangu anasema ni mguu wangu. Nimeliegesha nyuma ya karakana, na vitu vyangu vyote vimo ndani, hata maganda ya machungwa.

Sijaliosha.