Kope za Fundi

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi, kati ya duka la kinyozi na chumba cha fundi cherehani, na mwenye haraka zake asithubutu kukaa pale, maana atanyanyuka jua linazama na alichotumwa hajakifanya. Kahawa anauza Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote hapo ila anawakaripia wote kama aliwalea yeye. Mwisho wa kulia hukaa Mzee Presha, karani mstaafu, aliyepata jina hilo kwa sababu ana presha mwaka wa kumi na mbili huu na anaisimulia kama watu wanavyomsimulia mtoto aliyefaulu mtihani. Anafuata Pampu, fundi baiskeli. Halafu Wembe, kinyozi, ambaye mdomo wake unakata kuliko vifaa vyake. Siku hiyo alikuwa amemwacha mteja ndani na povu kidevuni, akasema anatoka dakika moja tu. Mwisho wa kushoto, akibakiza nafasi ya mtu mmoja ya kuweka kikombe, hukaa fundi cherehani. Wanamwita Sindano, kwa kuwa ametimiza miaka hamsini na mitatu na bado anatunga uzi bila miwani, na sifa hiyo anaipenda kuliko hata wanawe.

Alasiri hiyo mjadala ulianza na kope.

— Bibi harusi wetu hajambo? alisema Wembe, akiinama kumchungulia Sindano usoni. — Lo! Kope mbona zimepungua? Umekwenda kwa kinyozi mwingine?

— Nimeacha dawa, alisema Sindano. — Haya, furahi.

Habari za kope zilikuwa hivi. Miezi mitatu nyuma Sindano alimsindikiza mkewe kliniki ya macho kutafuta miwani. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akasema na bwana naye akae kwenye mashine, si yupo tu? Mke akatoka na miwani. Sindano akatoka na kichupa kisichozidi kidole gumba: tone moja kila jicho, kila siku kabla ya kulala, na usiache hata kama huumwi. Daktari alimwuliza kama kwao kuna mtu aliyepofuka. Sindano akasema hakuna. Alisema hivyo haraka, hata kabla swali halijaisha.

Na dawa ilikuwa na vituko vyake, ambavyo daktari alivitaja mapema: inarefusha kope. Mwezi wa pili kope zikarefuka kweli, zikajikunja, zikawa nyeusi ti. Wembe alipoziona alicheka mpaka akakaa chini, akambandika jina Bibi Harusi, na mtaa mzima ukalidaka. Mteja mmoja alileta kitambaa cha gauni, akamwuliza kwa unyenyekevu kabisa anapaka nini. Mtu mzima, baba wa watoto wanne! Sindano akakitupa kichupa kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo visivyo na wenzake. Leo ilikuwa siku ya thelathini na tisa. Alikuwa akizihesabu, ingawa mwenyewe asingekubali.

— Umeacha kwa ruhusa ya nani? aliuliza Mzee Presha.

— Yangu. Hayaumi, hayawashi, hayatoi machozi. Sasa dawa ya kitu kisichouma ni dawa ya nini?

— Hapo umenena, alisema Pampu.

— Kwani ugonjwa wenyewe ulikuwa nini? aliuliza Shangazi, akimimina kahawa. — Kope tumezicheka, ugonjwa hatujaambiwa.

— Presha ya macho.

Mzee Presha alitua kikombe. Neno hilo pale kijiweni lilikuwa lake, na hakumbuki kumwazima mtu.

— Presha ya nini?

— Ya macho, Mzee.

— Wacha masihara. Presha ni ya mwili. Nimeishi nayo miaka kumi na miwili, imenipanda kichwani, imenipanda kifuani, jichoni haijawahi kukanyaga. Walikwambia ngapi?

— Ishirini na nane.

Mzee alicheka, akakohoa, akacheka tena.

— Ishirini na nane! Bwana we, hiyo si presha, huo ni umri wa mtu! Mimi asubuhi hii nimepimwa mia na sabini, na nimekuja hapa kwa miguu yangu.

— Walisema isizidi ishirini na moja.

— Ishirini na moja? Mtu mwenye presha ishirini na moja keshazikwa!

Kijiwe kiliangua kicheko, na Sindano naye akacheka, na kifua kikampungua uzito. Hayo ndiyo aliyotaka kuyasikia. Alikuwa ameyangoja siku thelathini na tisa.

— Hata hivyo, alisema Mzee kwa huruma ya mtu mwenye ugonjwa mkubwa kwa mwenye ugonjwa mdogo, — punguza chumvi. Usigombane na mkeo. Na hivi vidonge vyangu nitakukatia nusu nusu. Presha ni presha.

— Mzee! alifoka Shangazi. — Vidonge vya hospitali hugawi kama peremende.

— Jamani, mnapotea njia, alisema Pampu. — Presha mnayoizungumzia siyo. Mimi ndiye mtu wa presha hapa, kila siku najaza. Jicho ni nini? Ni tyubu. Ni duara, ni laini, na ndani kuna kitu kimejazwa. Kikizidi, linakaza. Dawa ya tyubu iliyokaza ni nini?

— Kulitoboa? alisema Wembe.

— Mungu apishe mbali! Unafungua valvu, pss, unapunguza. Swali ni moja tu: valvu ya jicho iko wapi?

Watu wakafikiri. Shangazi akaweka kikombe cha Sindano kushoto kwake, palepale pa siku zote. Sindano alijigeuza kumwangalia Pampu, kiwiko kikapita, kikombe kikaruka, kahawa ikaenda mchangani.

— Cha ngapi wiki hii? alisema Shangazi.

— Wewe nawe unakiweka pabaya.

— Pabaya! Mwaka wa sita naweka hapohapo.

— Puani! Wembe alipiga paja. — Valvu iko puani!

— Umejuaje?

— Muulize mwenyewe. Sindano, ulipokuwa ukitia ile dawa, hukusikia kitu?

Sindano angeweza kunyamaza, lakini kijiweni kunyamaza ni kazi ngumu.

— Nilikuwa nasikia uchungu kooni, alikiri. — Daktari alisema nifumbe jicho na nibane hapa pembeni ya pua kwa dakika moja, dawa isishuke.

— Mnasikia? Dawa ya jicho inaonjwa kooni! Njia ipo! Na daktari anaijua, ndiyo maana anakwambia ubane. Anakuficha! Wewe usibane, wewe piga chafya. Ugoro asubuhi, ugoro jioni. Kila chafya moja, presha inashuka mbili.

— Kwa hiyo ishirini na nane ni chafya kumi na nne, alisema Mzee Presha, karani mpaka kaburini.

— Ukipiga ya kumi na tano? aliuliza Pampu.

— Hapo, alisema Mzee, unakuwa na deni la jicho.

Katikati ya vicheko Pampu alisema "karibu, karibu ukae" kwa mtu fulani, na sauti moja ngeni ikasema habari zenu jamani. Sindano aliitikia nzuri bila kujishughulisha, akidhani ni mpita njia. Wembe alimtazama Sindano kidogo kwa jicho la ajabu, kisha akaendelea.

— Lakini ndani mna upepo au mna maji? aliuliza Shangazi.

— Maji, alisema Sindano. — Alisema jicho linatengeneza maji yake lenyewe kule ndani, na kijimfereji cha kuyatolea kinabana. Yakijaa yanakandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo.

— Basi jibu umelitoa mwenyewe! Wembe alisimama kabisa. — Ni machozi! Wanaume hatulii, maji yanarundikana humo. Mara ya mwisho kulia ni lini?

— Nitakumbuka wapi?

— Mnaona! Mwanamke hana ugonjwa huu.

— Nani kakwambia? alisema Shangazi.

— Alie sasa hivi, tumalize, alisema Wembe. Pampu, mpe kisa cha huzuni.

Pampu akatoa kisa cha baiskeli yake ya kwanza, aliyoijenga mwenyewe kwa vipande vya baiskeli saba, akaipaka rangi ya bluu, akaifunga kengele mbili, na siku ya tatu mtu akaomba kuijaribu mpaka kwenye kona. Alipofika pale mtu yule anapokata kona huku anapiga kengele zote mbili, Pampu akashindwa kuendelea. Akalia yeye. Shangazi akampa kitambaa cha kufutia vikombe.

— Presha yako imeshuka, Mzee alimfariji.

Sindano alicheka kwa sauti kubwa kuliko wote, ila lile swali la kulia lilikuwa limemgusa pabaya. Alikumbuka. Alilia siku alipomkuta mama yake anapapasa ukuta wa jikoni akitafuta mlango ambao ulikuwa wazi. Kwa miaka mingi mama alikuwa akimwaga vitu, akipishana na watu bila kuwasalimu, na nyumbani wakasema uzee, wengine wakasema kiburi. Hayo Sindano hakumwambia daktari, na hapo kijiweni asingeyasema hata kwa dawa.

— Tuache nadharia, alisema Wembe. — Tumpime. Sindano, tunga uzi!

Kijiwe kizima kikapiga kelele: tunga, tunga! Sindano akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati, ndogo kuliko zote alizokuwa nazo, akavuta uzi mweusi, akaulowesha kwa ulimi. Akainua mikono mbele ya uso. Aliliona tundu vizuri kabisa, wazi, na nuru ya anga imepita ndani yake. Mara moja tu, uzi ukapita.

— Huyo! Pampu alipiga mluzi.

— Mgonjwa wa macho ndiye huyo? Daktari huyo aje apimwe yeye! alisema Wembe.

— Nyoosha mkono juu, Mzee Presha alisema kwa sauti ya hukumu. — Kijiwe hiki kimekutana, kimekuchunguza, kimekukuta mzima. Dawa imefutwa.

Moyo wa Sindano ulijaa furaha ya kitoto. Akainua mikono yote miwili kama mshindi, sindano juu, uzi unaning'inia, na mkono wa kushoto ukakipiga kikombe cha pili alichowekewa.

Safari hii kahawa haikwenda mchangani.

— Ah! alisema mtu, karibu kabisa na sikio lake.

Sindano aligeuka. Ilimbidi ageuze kichwa chote, mpaka kidevu kikagusa bega, ndipo mtu akatokea. Mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, suruali imelowa kahawa magotini. Alikuwa amekaa kwenye ile nafasi ya mtu mmoja. Kwa jinsi alivyojiweka sawa, hakuwa amekaa sasa hivi.

— Samahani sana, bwana. Umekuja saa ngapi?

— Tangu kwenye chafya, alisema mgeni. — Mimi ni fundi saa, nimehamia kile chumba cha mwisho. Suruali si kitu, itafuliwa. Ila nina swali moja, ndugu yangu, na usilichukulie vibaya. Nilipofika nilimpa kila mtu mkono. Wewe nilikunyooshea hivi, nikasubiri, mpaka nikaona haya nikaurudisha. Nikasema moyoni, huyu bwana anaringa. Sasa naona pengine siyo. Mkono wangu uliuona?



Mzee Presha, ambaye hajawahi kukosa la kusema hata misibani, alitazama ndani ya kikombe chake. Pampu alikunja kitambaa, akakikunjua. Wembe aliuona mkono ule ulipokuwa unangoja hewani. Aliuona, akadhani Sindano amenuna kwa utani wa kope.

— Vikombe vitano wiki hii, Shangazi alisema polepole. — Vyote upande huo. Mimi nikadhani unanidharau.

Sindano alitazama mbele, akijaribu kuona kama kushoto kwake kuna giza. Hapakuwa na giza. Hapakuwa na kitu chochote, na hilo ndilo lililomtisha mpaka akauvuta uzi ukatoka kwenye tundu.

— Mama yangu alianza hivi, alisema. — Mama yangu alikufa kipofu, jamani.

Akaingia chumbani, akavuta droo, akapekua vifungo, akatoka na kichupa, kichwa kishainama nyuma tayari kutia palepale. Shangazi akakidaka, akakisogeza mbali na macho yake asome karatasi ya ubavuni.

— Imeandikwa ikishafunguliwa isizidi wiki nne. Hii imelala. Kliniki wanafunga saa ngapi?

— Saa kumi na moja.

— Basi kahawa imekwisha, alisema Shangazi, akaligeuza birika juu chini wote waone. Lilikuwa limekwisha kweli. Nusu yake ilikuwa mchangani na magotini mwa fundi saa. — Ondokeni.

Wembe alikuwa amekwisha vua koti lake la kazi.

— Twende, alisema. Sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

— Na zikirefuka tena? aliuliza Sindano.

— Zikirefuka nitazichana mwenyewe. Na atakayecheka namnyoa kichwa kizima.

Dirisha la kinyozi likafunguka, uso wenye povu nusu ukajitokeza.

— We bwana! Dakika moja yako hii ndefu namna gani? Na mimi je?

— Kioo kiko mbele yako na macho unayo, alisema Wembe. — Jimalizie.

Wakaondoka. Walitembea hatua tatu, Sindano akiwa upande wa barabara na Wembe upande wake wa kulia. Hatua ya nne Wembe akasimama, akazunguka nyuma ya mwenzake bila kusema neno, akapita kushoto, akamshika mkono.