Jina la Mjomba Getini

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni baba, aliyekuwa kinyozi, jioni ya siku tuliyomzika bibi. Mama akaisahihisha palepale, nami naiandika kama alivyoisahihisha. Nje ya chumba cha kunyolea kulikuwa na benchi lililoelekea duka la vipuri. Wenye benchi walikuwa watatu. Baba mwenyewe. Betri, fundi wa redio aliyestaafu. Na Wakili, ambaye hakusomea sheria, bali ubishi. Siku inayohusika, mjomba, kaka yake mama, alikaa nao bila kugusa kahawa yake. Alikuwa akitunza mtandao wa hospitali. Majibu ya maabara ya wagonjwa yalikuwa yameibwa na kusambazwa, mjomba akasimamishwa kazi, na kesho yake angesimama mbele ya kamati, kwa sababu katika kumbukumbu za mtambo wa ulinzi jina pekee la mfanyakazi lilikuwa lake.

— Hebu tueleze tena, shemeji, baba alisema. Huo mtambo kazi yake nini?

— Ni kama mlinzi wa getini. Kila kinachoingia kwenye mtandao kinapita kwake, naye anaandika kwenye faili.

— Na faili linakutaja wewe.

— Nilibadilisha neno la siri, nikalisahau. Nikawa nakosea, mtambo unanikatalia. Nikakosea tena.

— Kwako hukataliwi, Wakili alisema. Unabisha hodi mara moja tu, mtaa mzima unaamka.

Walicheka. Mjomba hakucheka.

— Lisemwalo lipo, Wakili akaendelea. Kuna mtu alivaa jina lako.

— Hapana. Nilikuwa mimi.

— Basi mtambo ni wa mtumba, Betri alisema. Redio ya mtumba haisahau stesheni ya mwenyewe wa zamani. Utazungusha wee, inarudi kulekule.

— Ulikuwa mpya, mzee wangu. Boksi nililifungua mwenyewe.

— Kama ni mpya, una kinyongo nawe. Uliufanya nini?

Mjomba hakuwa mtu wa kujibu mizaha, lakini hilo alilijibu.

— Faili lilikuwa linajaa upesi, mtambo unakwama, madaktari wanalalamika. Mkubwa wangu akaniambia nipunguze maandishi. Nikauweka uandike waliokataliwa tu.

— Si nilisema! Betri akapiga paja. Umemnyima chakula mlinzi!

— Haba na haba hujaza kibaba, Wakili akadakia. Wewe ukampokonya haba zake. Naye akakusingizia.

— Mtambo hausingizii mtu.

— Unasingizia, shemeji, baba alisema. Mashine yangu ikikosa mafuta inamng'ata mteja kisogoni, na anayetukanwa ni mimi.

— Kesho iambie kamati hivyo hivyo, Wakili alisema. Mtambo una njaa. Uletwe nao, uhojiwe!

Mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, mama wa makamo, alikuwa amekuja kuuliza bomba la uani hufunguliwa saa ngapi. Alikuwa amesimama akingoja wanyamaze.

— Samahanini, jamani. Waliokataliwa wameandikwa. Na waliokubaliwa je?

Betri alimtazama Wakili. Wakili alitazama barabarani.

Baba alipenda kusema kwamba hapo mjomba alipiga ukelele. Mama, aliyekuwa mlangoni, anasema hakupiga ukelele. Alisimama, akamwomba yule mpangaji arudie swali lake taratibu, mwenyewe akawa anachezesha midomo kama mtu anayejifunza sala.

Asubuhi aliliuliza mbele ya kamati. Kamati nayo haikuwa na jibu. Ikamwandikia kwamba hana hatia ya wizi. Kazi haikumrudishia, kwa kuwa aliyepunguza maandishi ni yeye, na mkubwa wake hakukumbuka kumwagiza.

Baba amefariki. Betri na Wakili nao wamefariki, wakifuatana. Mama yu hai. Mjomba yu hai, ingawa habari hii haitaki masikioni mwake. Yule mpangaji yu hai, tungali majirani. Yule aliyeingia akiwa na neno la siri sahihi, akapita getini bila kuandikwa, kama yu hai au amekufa, hakuna ajuaye.