Mlimani Kukoje?

Marehemu Mwalimu Kasyoki Mutinda alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Njukini, mtoto wa tatu wa Mzee Kiilu na Mama Kaveke, wakulima wa mahindi. Mimi Wayua, mdogo wake, ndimi kitinda mimba. Sauti ikikatika, mtanivumilia.

Alimaliza sekondari mwaka 1986, akasomea ualimu wa chekechea Wundanyi, kule milimani. Huko, alituambia, mawingu huingia mpaka jikoni. Sisi wa tambarare tukamwona muongo.

Mwaka 1990 alianza kufundisha Kaloleni, hapa Voi. Aliwalaza watoto chali uani, juu ya magunia, wajifunze wingu la mvua na wingu la kupita tu. Wazazi waling'aka: "Tumeleta mtoto asome ama alale?" Mutinda, muuza maharagwe, alipoleta gunia la shule akawakuta wamelala hivyo, alilitupa akapiga mayowe kwamba watoto wamezimia. Yeye na dada walifunga ndoa mwaka 1994, na mpaka leo tunamtania shemeji.

Mvua ikinyesha milimani, mto hufurika hapa Voi hata jua likiwa linawaka. Kwa hivyo kila jioni Mwalimu aliuliza, "Mlimani kukoje?" Wakijibu "Kweupe!" ndipo aliposema, "Haya, nendeni nyumbani."

Mwaka 2019 alishikwa na presha ya macho, na baada ya miaka mitatu hakuona kitu. Alikataa kuacha kazi. Watoto wakawa ndio wanaomwambia mbingu ilivyo.

Novemba 2023 nilikuwa pale nimemletea uji. Watoto walikuwa tayari ndani ya tuktuk ya Phineas, wavuke mto mkavu. Akauliza swali lake. Wote wakapaza, "Kweupe!" maana walitaka kwenda. Khairat peke yake, binti wa Jaffar mwenye duka, akasema, "Kweusi, mwalimu. Wingu limekalia mlima."

"Mwalimu, jua hili lote, mvua gani?" Phineas akawasha injini.

Dada akapapasa ukuta mpaka barabarani, akasimama mbele ya tuktuk. "Utanipitia mimi kwanza."

Phineas akapiga honi. Kina mama wakaanza kunong'ona kwamba kipofu sasa anawafungia watoto wao. Jamani, moyo wangu! Haoni, na aliyemwambia ni mtoto wa miaka sita. Honi tena. Hakusogea. Ndipo tukasikia mngurumo, na maji mekundu yakashuka na magogo, yakafunika njia yote ya kuvukia. Phineas alizima injini akaketi chini, akalia. Leo ni miongoni mwa waliobeba jeneza.

Mwezi Januari figo zilimlemea. Alifariki tarehe 6 Februari 2025, hospitalini Voi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mutinda.

Ameacha mume, watoto wake Muli na Ndanu, mjukuu mmoja, sisi ndugu zake, na watoto wa Kaloleni, wengine sasa wana watoto wao.

Khairat, njoo hapa mbele, mama. Usiogope. Mwambie mwalimu wako, mlimani kukoje?

"Kweupe, mwalimu."

Haya, dada. Nenda nyumbani, upumzike kwa amani.