Vitufe vya Shangazi: Risala ya Wachapaji wa Chumba cha Barua

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu wa hospitali. Wakuu wa idara mliofuatana naye. Wenzetu wa maabara na wa dirisha la dawa mliokuja kutuunga mkono: salamu zetu zipokeeni.

OMBI

Usishangae ombi kutangulia ukaribisho. Hatujakosa adabu, ndivyo tunavyoandika siku hizi, na sababu utaisikia. Tunaomba vitufe vya kompyuta virudishiwe kazi zake za zamani, na Shangazi aachwe kwenye meza yake.

UKARIBISHO

Sasa karibu sana. Hiki ndicho chumba zinamotoka barua zote za wagonjwa. Kiti ulichokalia ndicho pekee kisichopiga kelele, na tumegombania nani akikose ili ukipate wewe.

HISTORIA FUPI

Shangazi ni yule mama aliyekaa karibu na dirisha, mwenye kitambaa cha bluu kichwani. Haoni tangu utotoni. Kompyuta humsomea maandishi masikioni, naye huijibu kwa vidole. Kipanya hana haja nacho, maana kile kishale cha kwenye kioo atakifuata vipi? Karibu wote tulio hapa ametufundisha kazi yeye. Mtu akikwama humwita, naye hujibu bila kugeuka, "Bonyeza kontroli na S kwanza, mwanangu, ndipo ulie." Yaani hifadhi kazi yako, mengine baadaye. Maneno hayo yamekuwa msemo wa chumba kizima. Hata kwenye harusi za watoto wetu tunaambiana.

MAFANIKIO

Kabla ya kuletwa mfumo mpya wa kompyuta, barua ya Shangazi haikuwahi kurudishwa kwa kosa. Mfumo nao, tusiwe wachoyo wa shukrani, una mazuri yake. Barua humfikia mgonjwa kwenye simu papo hapo, na hatupandi tena ngazi tumekumbatia mafaili. Aliyeuleta alikuwa na nia njema. Ila amebadilisha kufuli za nyumba bila kuwaambia waliolala ndani.

CHANGAMOTO

Katika mfumo huu, kontroli na S haihifadhi. Inatuma. Hakuna aliyetuambia. Siku ya kwanza tu, Shangazi alikuwa akimwandikia fundi mwashi mmoja. Akafika hapa: "Ndugu, tunasikitika kukuarifu kuwa", akasita kutafuta neno la upole, na vidole vikafanya vilichozoea. Barua ikaenda zake.

Kesho yake fundi akaja na mkewe na kaka zake, amevaa shati la kutokea. "Niambieni tu," alisema pale mlangoni. "Nyumbani nimeshaaga."

Shangazi aliinuka, akaifuata ile sauti mpaka akamshika mkono. "Baba, hufi. Daktari anasafiri tu. Miadi yako imetoka Jumatatu, imekwenda Jumanne."

Mkewe alikaa sakafuni, akacheka huku analia. Na sisi tulicheka, Mungu atusamehe. Shangazi hakucheka. Alisema, "Nimemzika mtu mzima kwa nusu sentensi," na siku ile chai hakuigusa.

Tangu hapo tumehangaika. Akiandika pembeni, nje ya mfumo, ili aje abandike, vitufe vya kubandika navyo hufungua kikao cha video. Idara nzima ya mifupa imeshamwona akijiimbia. Mwenzetu mmoja alishauri king'olewe kitufe cha S. Tukamuuliza, "Na 'tunasikitika' utaiandikaje, mkubwa?" Mwishowe Shangazi mwenyewe akatunga njia: habari kwanza, pole baadaye. "Miadi yako ni Jumanne. Tunasikitika kwa usumbufu." Ikiponyoka, iponyoke na la maana. Chumba kizima tumemfuata, na ndiyo maana leo ombi limemtangulia hata mgeni.

Lakini mazoea yana taabu, na vidole havisahau kwa kukaripiwa. Barua mbili tatu zimeponyoka tena. Sasa ameambiwa kwamba Ijumaa atahamishiwa chumba cha mashuka, akakunje. Kukunja mashuka si aibu. Kinachotuuma ni kwamba ameambiwa kana kwamba uzembe ni wake, naye ameanza kuamini. Juzi tumemsikia akisema, "Labda kweli nimezeeka, wanangu."

Fundi wa kompyuta ametueleza kuwa ndani ya mfumo ipo sehemu ya kuzima hizi njia mpya za mkato za vitufe, za zamani zirudi, ila haruhusiwi kuigusa bila idhini yako. Usipoitoa, sisi wenye macho tutajikongoja na kipanya. Yeye ukimnyang'anya vitufe, umemfungia nje ya kazi anayoijua kuliko sisi sote.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tunajua barua yetu ya mwaliko unayo mfukoni. Aliichapa Shangazi. Ilikufikia hivi: "Mkurugenzi, chumba cha barua kinakuomba uje kabla", basi. Kabla ya nini, haikusema. Mwingine angeifuta. Wewe umekuja, na kwa hilo tunakushukuru kutoka moyoni.

Sentensi yenyewe ilikuwa iishie, "kabla ya saa nne, ili chai isipoe." Chai imepoa, tusameheane. Shangazi aliona haya, akataka kukuandikia nyingine ya kukuomba radhi. Tukamkatalia. Tukamwambia, "Hiyo acha, nusu iliyobaki tutaimalizia sisi mbele yake."

Basi tunaimalizia. Tulikuomba uje kabla ya Ijumaa.

Leo ni Jumatano. Mwenyezi Mungu akujalie afya, akulinde njiani, na mkono wako wa kutia saini aufanye mwepesi.

Ni sisi wako,
Wachapaji wa Chumba cha Barua, sote, na Shangazi akiwemo.