Mama Moya, Batoto Saba: Hesabu ya Jua ya Marehemu Mutale Casimir

Padri wetu, wazee wa mitaa ya Katuba na Albert, wafanyakazi wa ofisi ya ramani, ndugu wa Luapula na wakwe wa Kasai, leo Jumamosi, tarehe 16 Novemba 1957, tumekizunguka kitanda cha mwisho cha Mutale Casimir, na familia imeomba historia yake isomwe yote, hata sehemu ile ambayo kwa miaka kumi yeye mwenyewe hakutaka itajwe ndani ya nyumba yake, kwa kuwa ilimtia hofu, na hofu hiyo hakuishi nayo tu, alizeeka nayo.

Marehemu alizaliwa mwaka 1909 karibu na Kasenga, mtoto wa tatu wa Mzee Mwape, mfua majembe, na Mama Kunda, na tarehe haikuandikwa kwa kuwa kijijini hapakuwa na wa kuiandika, ila mama yake alisema siku zote kwamba ilikuwa wiki ile mvua ilipovunja paa la ghala. Alibatizwa tarehe 15 Agosti 1919, akasoma shule ya misheni hadi Desemba 1924, akatoka huko na hesabu, Kifaransa kidogo, na mwandiko safi, mwandiko uliompa kazi, na ambao baadaye nusura umpoteze.

Alifika Élisabethville mwezi wa Juni 1925, akakaa kwa mjomba wake Chola, na tarehe 4 Mei 1926 aliandikwa kwenye ofisi ya upimaji wa ardhi, kwanza kubeba mnyororo wa kupimia, kisha kunakili ramani, chini ya mpima ardhi Mbelgiji aliyeitwa Bwana Gérard Lambotte. Wapima hao walitafuta kaskazini kwa kulipima jua, na kwa kuwa kulitazama jua ndani ya darubini ni kuliua jicho, walishika karatasi nyeupe nyuma ya chombo, na jua likatua juu ya karatasi, duara la mwanga, dogo kama sahani ya chai. Jumatano tarehe 17 Julai 1929, kwenye barabara ya Kipushi, aliyeshika karatasi alikuwa Casimir, na Bwana Gérard akamgombeza kwamba karatasi ni chafu, ailete nyingine, akaleta nyingine, nayo ikawa chafu vilevile, akaleta ya tatu, nayo vilevile, na kijana yule, akiona kazi yake inaondoka hivi hivi juu ya vidoa vinne, akaizungusha karatasi polepole kati ya vidole, karatasi ikazunguka, vidoa havikuzunguka. Akasema kwa sauti ndogo, "Bwana, buchafu haiko pa karatasi. Iko pa jua."

Bwana Gérard alicheka hadi akaketi juu ya sanduku la chombo, kisha akainama kuvitazama vidoa, kwa sababu yeye naye alikuwa mmoja wa wale wanaoipenda anga bila kulipwa, na tangu siku hiyo alimweleza Casimir mambo yao, kwamba duniani kote wapo watu ambao kazi yao ni mikate, au posta, au shule, lakini saa zao za kupumzika wamezitoa kwa anga, wengine kwa raha tu, kama yule mwoka mikate Mgiriki wa mjini aliyewaonyesha wageni wake mwezi kutoka uani kwake, wengine kwa kuhesabu vimondo, wengine kwa kufuata nyota zinazofifia na kung'aa tena, kama Bwana Gérard mwenyewe, na wengine kwa kuhesabu madoa ya jua, siku kwa siku, na kupeleka hesabu zao Ulaya, ambako wataalamu huzijumlisha na za wenzao wa nchi nyingine. Casimir alichagua jua, na tuseme ukweli, hakuchagua, kwa kuwa usiku haukuwa wake, kengele ya saa tatu iliwarudisha Waafrika wote kwenye cité, mitaa waliyotengewa, na aliyeonekana mjini baada ya hapo bila karatasi ya ruhusa alilala polisi, kwa hiyo nyota zilikuwa za wengine, na yeye akachukua kile kilichoangaza mchana, mbele ya macho ya kila mtu, akidhani hakuna atakayemuuliza.

Tarehe 1 Januari 1934 alipewa na Bwana Gérard darubini ya chombo kilichovunjika, akajenga nyuma ya nyumba yake ya cité Albert kachumba ka mabati, keusi ndani kabisa, darubini ikachungulia nje kwa tundu moja, na kila siku ya jua, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, aliingia humo na kuhesabu, na hesabu zake Bwana Gérard alizipeleka Ulaya. Tarehe 12 Oktoba 1935 alifunga ndoa na Ngalula Marie-Thérèse, binti wa fundi cherehani kutoka Kasai, baada ya mazungumzo marefu ya pande mbili, kwa kuwa wakwe waliuliza mara tatu ni mwanaume gani huyu anayejifungia gizani mchana, na Ngalula ndiye aliyewajibu kwamba ni afadhali yule anayejifungia na jua kuliko yule anayejifungia na pombe. Mungu aliwapa watoto watatu, Simone, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1937, André, tarehe 21 Agosti 1940, na Paulin, tarehe 9 Mei 1943.

Ngalula alijifunza kuandika ndani ya kachumba kale, kwa kuwa mwenye kuhesabu hawezi kuondoa jicho kwenye karatasi, hivyo Casimir alihesabu kwa sauti na mkewe akaandika kwenye daftari, nao walikuwa na maneno yao ya nyumbani, doa kubwa la kila kundi waliliita mama, vidoa vilivyolizunguka waliviita batoto, na kwa kuwa jua linajizungusha, kundi huvuka uso wake kwa siku kumi na tatu au kumi na nne, hujificha nyuma, na likiwa na nguvu hurudi baada ya siku nyingine kumi na nne. Kwa miaka kumi na mmoja maneno hayo hayakumdhuru mtu.

Wazee waliopo wanaukumbuka mwaka 1947, bado watu walinong'ona juu ya batumbula, wale walioaminiwa kuwakamata watu na kuwafungia gizani hadi wasionekane tena, na serikali nayo iliogopa kila daftari la Mwafrika, kila mkutano, kila kundi. Nyuma ya ukuta wa Casimir aliishi Mama Mulenga, mjane, aliyekuwa na watoto saba. Jumapili tarehe 16 Machi, Mama Mulenga akianika nguo, alisikia kutoka ndani ya mabati sauti ya jirani yake ikisema taratibu, kama mtu anayesoma orodha, "Mama moya, batoto saba. Kesho batapotea bote. Andika, Mama Simone, batarudi tarehe makumi tatu na moya." Aliacha nguo matopeni, akawaingiza wanawe ndani, akafunga mlango, akauegemezea kitanda, na siku mbili hakuna mtoto aliyetoka, hata kwa haja, na Jumanne tarehe 18, alipoishiwa unga na maji, alipasua dirisha na kuulilia mtaa, "Banahesabu batoto bangu."

Mtaa ulikuja wote, mabati yakang'olewa, na waliokuwa wakinywa chai kwake juzi walimshika mikono Casimir wasimtazame usoni, hadi askari walipomchukua, wakachukua darubini, wakachukua madaftari kumi na matatu. Komisere wa polisi alisoma yale maandishi safi, mama moya, batoto tano, bameingia mashariki, mama mbili, batoto kumi na moya, bametoka magharibi, kundi la tatu, kundi la nne, akauliza kwa upole uliotisha kuliko kelele, akina mama hawa ni nani, watoto hao wanavushwa mpaka wapi, Kipushi au kwingine, na hayo makundi yana wakubwa gani. Casimir alijibu kwamba ni jua, na kadiri alivyosema kweli ndivyo kweli yenyewe ilivyofanana na dharau. Bwana Gérard alikuwa amekwisha kurudi kwao mwaka uliotangulia, barua ilihitaji wiki nyingi, na ofisini hakuna aliyejitokeza kusema anajua. Komisere akaandika karatasi ya kumhamisha kwa amri, peke yake, mbali kaskazini, kwa muda usiotajwa, lori lingeondoka Alhamisi tarehe 3 Aprili, na Ngalula aliambiwa kwamba anaweza kuanza kufunga vyombo vyake arudi Kasai kwa baba yake.

Casimir aliomba jambo moja tu. Alisema tarehe 31 imeandikwa mle ndani, na mama akirudi tarehe hiyo kwenye jua, mbele ya macho ya komisere, basi si watu, na asiporudi, yeye Casimir atapanda lori bila kushikwa mkono. Komisere alikubali, labda kwa kuchoka. Lakini madoa mengine hufa nyuma ya jua yasirudi kamwe, hilo Casimir alilijua vizuri, na hakumwambia mtu, alilala nalo usiku kumi na tatu juu ya simenti, na Ngalula alipomletea bukari, ugali wa nyumbani, mlangoni aliona kwamba midomo ya mumewe inasogea bila sauti, anahesabu siku. Tarehe 31 mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi usiku. Tarehe 1 Aprili mvua ilinyesha.

Jumatano tarehe 2, Jumatano ya Juma Takatifu, saa nne na dakika ishirini, wingu lilipasuka juu ya ua wa polisi. Darubini ililetwa, karatasi haikuwapo, komisere akatoa iliyokuwa mkononi, na ilikuwa ileile ya kumhamisha, yenye jina la Casimir, ikisubiri sahihi, akaigeuza nyuma palipokuwa peupe. Casimir alishika karatasi, jua likarukaruka juu yake kama kitu kilichokamatwa, Ngalula akamshika kiwiko, jua likatulia, na pembeni mwa mashariki palikuwa na doa kubwa jeusi, na vidogo nyuma yake. Komisere aliinama, akasema, "Karatasi iko na buchafu." Casimir aliizungusha karatasi polepole kati ya vidole, kama alivyofanya miaka kumi na saba na zaidi iliyopita, jina lake likazunguka upande wa chini, vidoa havikuzunguka.

Mama Mulenga alikuwa ameitwa kama shahidi, na wanawe saba wamemshika nguo. Hakumsikiliza komisere, hakumsikiliza karani, alisogea mwenyewe, akapiga magoti kwenye tope, akahesabu kwa ncha ya kidole bila kugusa karatasi, akarudia kuhesabu, kisha akageuka akawahesabu wanawe kwa kuwagusa kichwa mmoja mmoja. Akasema, "Aba hapana bangu. Bangu beko saba. Aba beko kumi na mbili." Wingu likafunga, na mvua ikanyesha tena hadi Pasaka.

Casimir aliachiliwa jioni hiyo, darubini akarudishiwa, madaftari hayakurudi, na komisere alimwonya kwamba kuanzia leo aandike tarakimu tu, bila mama, bila batoto. Alitii kuliko alivyoambiwa. Alisimamisha upya mabati, lakini tangu siku hiyo hakuhesabu tena kwa sauti, alikuwa akigonga idadi kwa kidole kwenye kiganja cha Ngalula, kundi kwa kidole gumba, doa kwa kidole cha shahada, na viatu vya askari vikipita njiani alifunika tundu kwa kofia yake na wote wawili walibana pumzi gizani hadi vipite. Walihamia Katuba tarehe 1 Septemba 1951 pamoja na kachumba kao, hofu ikahamia nao. Mwezi wa Februari mwaka huu ilifika bahasha kutoka Ulaya, imetumwa na Bwana Gérard, ndani yake orodha iliyochapwa ya wahesabu wa jua wa nchi nyingi, na kwenye mstari mmoja, C. Mutale, Élisabethville, na Casimir alipoona jina lake kwenye orodha aliketi chini, akamwomba mkewe aichome kabla ya giza. Ngalula aliwasha moto, akachoma bahasha. Orodha iko hapa, alikuwa ameishona ndani ya kikwembe chake, nguo yake ya kujifunga, na anaomba mbele ya jeneza mumewe amsamehe.

Ugonjwa wa moyo ulimshika tarehe 6 Agosti 1957, akalazwa hospitali mara mbili, na wiki tatu za mwisho hakuweza kuinuka, lakini kila adhuhuri aliunyoosha mkono, na Ngalula, akitoka kwenye kachumba, alimgongea hesabu kwenye kiganja, naye kwa kila kundi alikunja vidole kuonyesha ameipokea. Mwaka huu jua limejaa madoa kuliko mwaka wowote aliouhesabu. Alhamisi tarehe 14 Novemba, saa saba mchana, alipogongewa kundi la kumi na moja hakukunja vidole, na Ngalula aliendelea kugonga hadi doa la mwisho, kwa kuwa hesabu haikatwi katikati. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, wafanyakazi wa ofisi ya ramani waliochonga jeneza, majirani wa Katuba, na kwa namna ya pekee Mama Mulenga, ambaye tangu Agosti alitembea kwa miguu kutoka Albert kila siku, na uji mkononi, akaketi karibu na kitanda cha mtu aliyewahi kumwogopa, na hakuna siku waliyolizungumzia jambo lile.

Neno la mwisho si letu. Asubuhi hii, kabla ya padri kufika, jua lilitoka kwa muda mfupi, na Ngalula aliingia kwenye kachumba, akauacha mlango wazi, akahesabu kwa sauti iliyofika barabarani, askari wawili wakipita, na Mama Mulenga, ambaye hajasoma, alisimama mlangoni na kuzirudia namba ili zisipotee hadi daftari lifunguliwe, na katika daftari la Mutale Casimir, baada ya miaka kumi ya tarakimu tupu, imeandikwa hivi: tarehe 16 Novemba 1957, mama tisa, batoto makumi sita na bane, bote beko, hakuna anayepotea.

Baba Simone, hesabu imefungwa, hakuna viatu njiani. Pumzika kwa amani.