Mama Sharti Anaaga Chumba cha Tafsiri

Miaka thelathini na mmoja! Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mfasiri wetu mwandamizi, tunayemwita Mama Sharti, anastaafu, na mimi niliyekaa meza ya jirani na yake miaka tisa sijui nicheke au nilie.

Alianza kama mpigachapa. Siku moja mkuu wa idara alimkuta akibishana peke yake na ukurasa wa Kiingereza, akamhamishia kwenye tafsiri siku hiyohiyo. Jina alilipata kwa maneno mawili ya Kiingereza yanayoweka sharti: “provided that”. Sisi wengine tukiyaona tunaandika “mradi”, tunasonga mbele. Yeye huweka kalamu chini. Husema kwamba hapo mtu amepewa ruhusa na kamba kwa pamoja, na akiiona ruhusa tu, sisi ndio tumemponza.

Ndiyo maana kila ukurasa wake alimsomea kwanza mtu atakayeutumia. Mkataba wa nyumba alimsomea mpangaji ngazini. Maelezo ya dawa aliwasomea wagonjwa kwenye foleni, mpaka muuguzi akamuuliza yeye anaumwa nini.

Miaka sita iliyopita nilitafsiri kijitabu cha mashine ya kukandia unga ya kiwanda cha mikate. Niliandika: safisha ndani kwa mkono, mradi umeme umezimwa. Nilijiona bingwa! Mtambo wa kuchapia ulikuwa ukingoja na mkuu akipiga simu kila baada ya dakika tano, lakini mama alinikokota hadi kiwandani. Alimwomba mkandaji afanye kila anachosikia, kisha akaanza kusoma. Aliposema “kwa mkono” tu, jamaa alikuwa ameshauzamisha wake ndani ya mashine hadi kwenye kiwiko. Neno umeme lilikuwa bado halijatamkwa. Bahati yetu, mama alikuwa amechomoa waya kabla hata ya kufungua mdomo. Tuliandika upya palepale: umeme kwanza, mkono baadaye. Hakunisema hata kidogo, na ningeona afadhali anigombeze.

Wiki iliyopita kiwanda kilileta kijitabu cha mashine mpya. Mama alinikabidhi, akarudi kwenye chai yake. Nilikitafsiri, nikaenda kiwandani peke yangu, nikachomoa waya, nikasoma. Mkandaji alisikiliza, akakagua waya mwenyewe, ndipo akaingiza mkono. Nilitamani kushangilia!

Asante, mama yetu. Pumzika kwa raha, ule vizuri, na wajukuu wakuchoshe kwa kucheza. Watu wa kiwandani wanakusalimu sana, kila mmoja na vidole vyake vyote kumi.